Nimetoa mangapi, nimepata mangapi? Anti anajibu

Mwezi huu barua zimekuja nyingi na karibu zote zina kitu kimoja, watu wanapiga hesabu. Nani katoa zaidi, nani kafaidi, nibaki au niondoke. Nimechagua chache, ndefu nimezikata kidogo, na chochote kinachoweza kumtambulisha mtu nimekitoa. Tuanze.

Shikamoo anti. Mi nina miaka 31, niko na mwenzangu huu mwaka wa sita. Tulianza wote hatuna kitu, kipindi kile mi ndo nilikua na kazi yeye anasoma, nikawa namsapoti ada, nauli, hadi laptop nilimnunulia mimi. Amemaliza kapata kazi nzuri, sa hivi kila nikigusia ndoa anasema tusubiri mambo yakae sawa. Meseji anajibu kesho yake, wikiendi yuko na rafiki zake, sikumbuki lini mara ya mwisho kaniuliza siku yangu ilikuaje. Hanipigi, hanitukani, mchepuko sina ushahidi. Kuna mkaka kazini naona kabisa ananipenda lakini nikifikiria kuondoka roho inaniuma, yani miaka sita yote alafu mwingine aje akute kila kitu tayari? Mama anasema mvumilivu hula mbivu. Nifanyeje?
*Mwenye miaka sita*

Marahaba mwanangu. Barua yako nimeisoma nikairudia, nikaanza kutenganisha ulichoandika kuhusu zamani na ulichoandika kuhusu leo. Sababu zako zote za kubaki ni za zamani. Ada, laptop, kipindi kile hamna kitu. Ya leo hujaandika hata moja, na hilo limenishtua kuliko hata yeye kukwepa ndoa.

Kuna mtafiti wa Marekani aliitwa Caryl Rusbult, huyu mama alitumia miaka mingi kutafuta jibu la swali ambalo sisi tunaulizana pembeni, kwanini fulani bado yuko na fulani. Mwaka 1980 akatoa maelezo yake, kwamba kinachomfanya mtu ashikilie ni mambo matatu: anavyoridhika, mbadala alionao huko nje, na kile ambacho ameshawekeza. Na kuwekeza sio hela tu, ni muda, siri mlizopeana, marafiki mliowapata pamoja, hata yale maisha ya mbele uliyoshayapanga kichwani mkiwa wawili. Mwaka 2003 watafiti wengine wakakusanya tafiti 52 zilizopima mambo hayo na ikaonekana hayo matatu peke yake yanaeleza karibu theluthi mbili ya tofauti kati ya anayeshikilia na asiyeshikilia. Ni kubwa hiyo kwa mambo ya moyo. Sasa jiangalie wewe, kuridhika kumekwisha, mbadala hujaupa hata nafasi ya kuufikiria, kilichobaki kinakushika ni kile cha tatu tu.

Alafu kuna utafiti wake mwingine wa 1983 ambao natamani kila mtu aliyekwama aujue. Aliwafuatilia wanafunzi wa chuo waliokua kwenye mahusiano kwa miezi kama saba, anawauliza maswali mara kwa mara. Waliobaki, raha iliongezeka na wakazidi kuwekeza, sawa, hilo tunalitegemea. Walioondoka wenyewe ikawa kinyume. Ila wale walioachwa, yani waliopigwa chini na wenzao, hao ndo walinigusa. Kuridhika kwao kulikua hakupandi kama kwa wenzao, mbadala wao unazidi kupungua, na bado walikua wanaendelea kuwekeza kwa nguvu. Walikua wanamwaga zaidi pale pale ambapo hapawarudishii. Hawakua wajinga mwanangu, ndo mtu anavyofanya akihisi kitu kinamponyoka, anaongeza.

Na hii tabia haiko kwenye mapenzi tu. Mwaka 1985 watafiti Arkes na Blumer waliwauliza watu hivi, umelipia safari mbili za kuteleza kwenye theluji, moja dola 100, nyingine dola 50, na ya dola 50 unaamini ndo utaifurahia zaidi. Unagundua zimeangukia wikiendi moja, tiketi hazirudishwi, unaenda ipi? Zaidi ya nusu wakachagua ile ya dola 100! Hela zote mbili zimeshakwenda, hamna inayorudi, mtu anachagua raha ndogo kwa sababu tu imemgharimu zaidi. Wewe ndo unachofanya na miaka yako sita. Ukibaki haitarudi, ukiondoka haitarudi, kwahiyo usiiweke kwenye mizani kabisa. Kinachopimwa ni mwaka wa saba.

Kuhusu mama, namheshimu sana mama yako na najua anasema kwa upendo. Ila mbivu inaliwa na aliyesubiri tunda linaloiva. Wewe angalia, toka mwaka jana hadi leo kuna kitu chochote kimesogea, hata kidogo? Kama kimesogea subiri, kama hakijasogea huo sio uvumilivu anaouongelea mama.

Mkaka wa kazini muweke pembeni kwanza. Sio kwamba ni mbaya, simjui. Ni kwamba hapa kuna maswali mawili tofauti na watu wengi wanayachanganya, hata wataalam Thibaut na Kelley waliyatenganisha kwenye kitabu chao cha 1959. Swali la kwanza, je ninachopata hapa kinafikia kile ninachoona nastahili? Hilo linakwambia kama una furaha. La pili, je ninachopata hapa kinazidi kile ambacho ningepata nikiondoka, pamoja na kukaa singo? Hilo ndo linaamua utabaki au utaondoka. Ndo maana unaweza kumkuta mtu hana furaha na haondoki, na mwingine ana furaha nzuri tu kaondoka. Wewe swali la kwanza umeshalijibu bila kujua. Kwa la pili usimlinganishe mpenzi wako na huyo mkaka ambaye hujawahi kumwona akiwa mgonjwa au amekasirika au hana hela. Mlinganishe na wewe mwenyewe ukiwa peke yako na muda wako wote ni wako. Ukiona hata hiyo ni afadhali, bas umeshapata jibu.

Kabla ya yote lakini kaa naye chini mara moja. Mara moja ya kweli, sio kugusia gusia mkiwa mnaagana. Inawezekana kazi mpya imemmeza, inawezekana pia anaona aibu kwamba wewe ndo ulimbeba na kila akikuangalia anajiona ana deni, kuna watu deni la wema linawafanya wakimbie badala ya kusogea. Mwambie unachokosa, mwambie unataka nini, muulize yeye anataka nini na lini. Akisema tena "tusubiri" bila kueleza mnasubiri nini, mi ningekua wewe ningeondoka. Nasema wazi ili usinielewe vibaya.

Na kuhusu hela, kama mlikubaliana kwamba atakurudishia, hilo ni deni na unaweza kulidai hata mkiwa mmeachana. Kama ulitoa kwa mapenzi, ulitoa. Usikae kwenye uhusiano ili ujilipe, hamna mtu nimewahi kumwona aliyelipwa kwa njia hiyo.

Habari yako dada mwandishi. Mi ni msomaji wako wa muda, umri umekwenda kidogo. Kwakweli mnawaharibu vijana na haya mambo ya faida na hasara. Mapenzi sio biashara. Sisi tulipendana tu, hatukua na kalamu wala daftari.
*Msomaji wa zamani*

Salama kaka yangu, na asante kwa kuandika bila kuzunguka. Sikubaliani na wewe nusu, nusu nyingine nakubaliana sana, na hiyo nitaifikia kwenye barua inayofuata.

Hii habari ya kuangalia mahusiano kama kupeana na kupokea haikuanzia kwenye magazeti, kuna msomi George Homans aliiandikia makala mwaka 1958, na mwaka 1964 Peter Blau akaandika kitabu kizima. Hawakusema watu ni wafanyabiashara wa moyo. Walichosema ni kwamba watu wakikutana huwa kuna kitu kinapita kati yao, na gharama inayoongelewa mara nyingi haina bei. Kukosa usingizi ni gharama. Kupima kila neno kabla ya kuliongea usije ukamkasirisha ni gharama. Kuacha marafiki zako ni gharama kubwa mno. Na faida nayo, mtu anayekusikiliza, anayekuchekesha, anayekaa na wewe hospitali usiku kucha.

Nyie mlihesabu pia kaka, ila mambo yalikua sawa kwahiyo hamkuisikia hesabu. Hesabu inaanza kusikika pale mmoja anapoanza kuchoka. Kumwambia kijana aliyechoka asihesabu ni sawa na kumwambia asiseme.

Shikamoo anti. Naomba nisaidie. Kwenye simu yangu nina orodha. Nilianza kuiandika baada ya mke wangu kuniambia sifanyi chochote nyumbani, nikasema ngoja nimwoneshe. Naandika kila kitu, nimempeleka wapi, nimeosha vyombo, nimeamka usiku mtoto akilia, na upande wa pili naandika aliyofanya yeye. Ndo ukweli anti, mi nimemzidi mbali. Nataka nimwoneshe lakini roho inasita. Je ni sawa?
*Mwenye ushahidi*

Marahaba. Usimwoneshe. Na hiyo roho yako inayosita isikilize, ina akili.

Kwanza orodha yako sio sahihi, na sisemi unadanganya. Mwaka 1979 Michael Ross na Fiore Sicoly waliwachukua wanandoa jozi 37, mume na mke, wakamuuliza kila mmoja kivyake, kwa mambo 20 ya nyumbani wewe unachangia kiasi gani, kuandaa chakula, kufanya usafi, mambo kama hayo. Wakajumlisha majibu ya mume na ya mke. Kama wote wako sahihi jumla inatakiwa ifike pale pale kwenye kamili, lakini kwenye mambo mengi ikapita, yani wote wawili kila mmoja anaamini amefanya zaidi. Na utamu uko hapa, waliulizwa pia kuhusu mambo mabaya kama nani anaanzisha ugomvi, na hata hapo watu walijihesabia wenyewe zaidi! Kwahiyo sio majivuno tu. Ni kwamba ulichofanya wewe ulikuwepo, ulikisikia mwilini, unakikumbuka. Alichofanya yeye wewe ulikua kazini, au umelala, au kilifanyika kichwani mwake kabisa, kukumbuka chanjo ya mtoto, kujua sabuni imebaki kidogo, kumpigia mama yako kabla hajalalamika. Upande wake wa orodha umeandikwa na mtu ambaye hakuwepo. Yeye akiandika ya kwake naye atakuzidi mbali, alafu mtakaa mezani na orodha mbili mnabishana ipi ya kweli.

La pili ndo lile nililomwahidi kaka yetu hapo juu. Kuna mtafiti anaitwa Margaret Clark, mwaka 1984 alitoa jaribio moja dogo zuri sana. Watu wawili wanafanya kazi moja ya kutafuta mifuatano ya namba kwenye karatasi kwa ajili ya zawadi watakayogawana, mmoja ameshaanza kwa kalamu ya rangi fulani, wa pili anachagua atumie rangi ile ile au nyingine. Wasiojuana wakapenda kuchukua rangi tofauti, ili ijulikane nani kafanya kipi. Marafiki hawakua na haja hiyo. Na kabla ya hapo, 1979, yeye na Judson Mills waliona kwamba mtu anayetamani ukaribu na mwingine, akimsaidia alafu yule akarudisha fadhila hapo hapo, anampenda kidogo kuliko angesema asante tu. Kulipana haraka haraka ni lugha ya watu wasiotaka kuzoeana.

Sasa wewe umenunua kalamu ya rangi nyingine ndani ya nyumba yako. Mkeo akiiona hiyo orodha hataona vyombo ulivyoosha, ataona kwamba muda wote huo alikua anaishi na mtu anayemchunguza. Anaweza asikusamehe, na mi nitamwelewa.

Ila uchungu wako ni wa kweli pia, kuambiwa hufanyi chochote na wewe unaamka usiku inaumiza. Ifute orodha, alafu kamwambie sentensi moja tu, "Uliposema sifanyi chochote niliumia, naomba unisaidie kuelewa ulikua unamaanisha nini." Alafu nyamaza. Nina hakika utasikia kuna kitu kimoja tu maalum anakihitaji na hakimo kwenye orodha yako. Kama bado mzigo hauko sawa baada ya kuongea, gawaneni upya, nani anafanya kipi kuanzia wiki ijayo. Kugawana kazi za mbele ni kitu kimoja na kufungua kesi ya mambo yaliyopita ni kitu kingine kabisa.

Anti samahani hii naomba usitaje popote. Mume wangu ananipiga, sio kila siku, ni akikasirika. Siku nyingine ni mzuri mno, watoto anawapenda, ada analipa kila kitu. Nikiweka mazuri na mabaya mazuri yanazidi. Je nina haki ya kulalamika?
*Jina limehifadhiwa*

Mwanangu, nimebadilisha maneno yako ili usijulikane na nimeiweka hapa kwa sababu najua uko na wenzako wengi wanaosoma.

Hiyo haihesabiwi. Kipigo hakikai upande mmoja na ada ikakaa upande mwingine alafu tuone ipi nzito. Hesabu zote nilizoongelea juu zinamhusu mtu aliye salama, ambaye anaweza kusema hapana na kesho yake akaamka mzima. Wewe kwanza usalama.

Na usijilaumu kwa kubaki. Yule Rusbult niliyemtaja, mwaka 1995 yeye na mwenzake John Martz waliangalia wanawake waliokimbilia kwenye nyumba ya hifadhi kwa sababu ya vipigo, na waliokua wanaelekea kurudi zaidi ni wale wenye kipato kidogo, elimu ndogo, usafiri hawana, na waliowekeza mengi kwenye ndoa. Haikua kwamba wanapenda kupigwa wala kwamba hawana akili. Walikua hawana pa kwenda. Kwahiyo kazi yako ya kwanza ni kutengeneza pa kwenda. Mtafute mtu mmoja unayemwamini umwambie ukweli wote, vyeti vyako na vya watoto viweke sehemu unayoweza kuvifikia haraka, weka akiba hata kidogo kidogo asipojua. Ukiumia nenda hospitali na useme kweli nini kimetokea ili iandikwe. Tafuta polisi au ofisi ya ustawi wa jamii au shirika linalosaidia wanawake lililo karibu na wewe. Meseji unazotuma futa, na usimtangazie kwamba unaondoka, kipindi cha kuondoka ndo kinaweza kuwa cha hatari zaidi. Nimekujibu pia kwa njia uliyotumia kuniandikia.

Na ndio, una haki.

Mambo anti, mi kwangu ni kinyume. Mwenzangu ananipa kila kitu, muda, zawadi, anavumilia hasira zangu. Mi najiona sitoi chochote na nimeanza kumkwepa. Kuna tatizo?
*Ninayepewa*

Poa mdogo wangu. Tatizo lipo na sio geni. Elaine Hatfield na wenzake toka miaka ya 1970 waliandika kwamba anayepata pungufu anapata hasira, na anayepata kuzidi naye hatulii, anapata hatia. Kumkwepa ni hiyo hatia tu inatafuta mlango. Usianze kumlipa zawadi kwa zawadi. Muulize ni kitu gani kimoja ambacho angependa afanyiwe na hajawahi kuomba, ukifanye hicho. Na hizo hasira zifanyie kazi, hiyo ndo gharama kubwa anayolipa kuliko zawadi zote.

Anti, nimechumbiwa, tunapendana, lakini mabaya yakitokea yananikaa kichwani wiki nzima na mazuri nasahau siku hiyo hiyo. Naanza kuogopa labda sina furaha. Alafu naona wenzangu wanavyopost. Nitajuaje?
*Mchumba mwenye wasiwasi*

Akili zetu ndo zilivyo, baya linagonga zaidi kuliko zuri. John Gottman na Robert Levenson waliwarekodi wanandoa wakijadili jambo wanalogombania, na kwenye ndoa zilizotulia waliona mambo mazuri, yani kucheka, kugusana, kuonesha unamsikia mwenzako, yanayazidi mabaya kama matano kwa moja. Matano! Na hapo ni katikati ya ugomvi. Kwahiyo mkiwa na moja kwa moja msidhani mko droo, kwa hisia za mtu hapo mmeshafungwa. Kitu kingine, kwenye ule utafiti wa 1983 wa wanafunzi, mazuri yakiongezeka kuridhika kulipanda, lakini gharama zikipanda au zikishuka hazikuwa na athari kubwa kwenye kuridhika. Hao walikua wapenzi wa chuo, ndoa yenye watoto inaweza kuwa tofauti, ila wewe bado uko hatua hiyo hiyo. Kwahiyo badala ya kushinda unamsahihisha mchumba wako kila kosa, ongezeni mazuri muone.

Wanaopost usiwatumie kama kipimo. Wewe unalinganisha maisha yako mazima na dakika waliyochagua wao, na kile unachoona unastahili kinapanda kila ukishika simu wakati mchumba wako hajabadilika chochote.

Utajuaje? Kwa wiki mbili hivi kila usiku jiulize swali moja tu, leo nikiwa naye nilikua najiachia au nilikua najibana. Usiandike popote, na yeye usimwambie unajipima. Ukiona unajibana siku nyingi, niandikie tena kabla ya harusi na uniambie ni wakati gani hasa unajibana, akiwepo nani, mkiongelea nini, hapo ntakua na cha kukujibu.